Viazi vya sokoni si mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wenzangu wenye bustani nyuma ya nyumba. Masika iliyopita, hapa Ngaramtoni, nilipanda viazi mviringo nilivyonunua sokoni, vile vilivyokuwa vimeanza kuchipua. Vilistawi, nikapandishia udongo mara mbili, maua yakatoka. Kisha mimea ikaanza kunyauka mchana, mmoja baada ya mwingine, majani yakiwa bado ya kijani na udongo una maji ya kutosha.

Jirani yangu, bibi aliyelima viazi miaka mingi, alikata shina karibu na ardhi akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Tukasubiri. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu kutoka kwenye shina.

“Mnyauko bakteria huu, mwanangu. Hauna dawa.”

Ugonjwa huo huja na mbegu, hubaki udongoni, na hushambulia nyanya na bilinganya pia. Tuta lile sasa nimepanda mahindi. Inaniuma, maana nimezunguka maduka ya pembejeo mjini nikitafuta mbegu ya viazi iliyothibitishwa, hata kilo tano tu, nimekosa. Wauzaji, tuleteeni vifungashio vidogo. Sisi wa bustani tutanunua.

Msomaji wako,
Ngaramtoni, Arusha