Mtani, jioni ya Lukaya ninayo, asubuhi unayo wewe

Nyakato, Mwanza

Mtani wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisarawe, wewe na mama watoto na wajukuu wote. Mimi hapa ni mzima, hofu ni kwako tu, ingawa Mzaramo haumwi, husingizia. Sukari imetulia. Goti la kushoto ndilo linalonitangazia mvua kabla ya redio. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema kanga uliyomwahidi bado anakudai, na deni halifi kwa sababu mdaiwa amezeeka.

Dhumuni la barua hii ni kukuomba jambo ambalo kwenye simu hulisemi. Kila nikikupigia unaanza kunicheka kwamba brigedi yetu ilikimbia kule Lukaya, Uganda, wakati wa vita ya Amin, mimi natukana, wewe unacheka zaidi, salio linakwisha. Kwenye karatasi hutaniwahi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Binti yangu aliye Muscat aliniuliza nataka zawadi gani. Nikamwambia nitafutie kifaru. Alinyamaza kidogo, halafu akamuuliza mama yake pembeni kama baba yupo sawasawa. Lakini akatafuta, na kilichokuja ni sanduku la modeli la Trumpeter, kampuni ya Wachina wenyewe, kifaru cha Type 59 kwa kipimo cha 1 kwa 35. Kifaru chetu kile kile, mtani, na mzinga wake wa milimita 100. Bodi ya mita sita imekuwa sentimeta 17. Zile tani 36 zilizokuwa zikitutetemesha tumbo zinakaa kiganjani. Askari wa kawaida anakuwa sentimeta tano. Wewe tungekukadiria nne na nusu.

Usidhani unafungua sanduku ukakuta kifaru. Unakuta vipande, vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja na namba yake, na karatasi ya maelekezo yenye michoro mitupu. Unakata kwa wembe, unapiga msasa, unashika kwa kibano, unapaka gundi, unazuia pumzi. Shemeji yako amenihamishia barazani kwa sababu ya harufu ya gundi. Nimesoma kwamba hiki kipimo cha 1 kwa 35 hakikuletwa na mhandisi wala jenerali. Wajapani wa Tamiya walitengeneza kifaru cha Kijerumani, Panther, mwaka 1961, wakataka ndani yake ikae mota na betri ili kitembee. Ukubwa wa betri ukaamua ukubwa wa kifaru, na wengine wakafuata. Nimeipenda hiyo. Jeshini pia mambo mangapi yaliamuliwa na kitu kilichokuwepo stoo?

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Hapa tupo wazee kadhaa tuliovuka Mutukula mwaka 1979. Miaka yote hii tumekuwa tukikutana misibani na kliniki ya sukari, na mazungumzo yetu ni dawa, pensheni, na watoto wasiopiga simu. Vita tuliisemea jukwaani tu, tukiulizwa na vijana, na tukaisema kwa maneno yale yale ya jukwaani. Tangu kifaru hiki kianze kupata magurudumu, baraza langu halikosi watu. Mtu anakaa, anakinyanyua, anakigeuza, halafu anasema: "Hapana, hapa palikuwa na kitu." Basi, imeanza.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kichwani, pale kwenye mzinga. Type 59 ina kibakuli kidogo cha kupitishia hewa juu ya kichwa. T-55 ya Mrusi haina. Vingine vyote vinafanana mno: magurudumu matano kila upande, na lile pengo kati ya la kwanza na la pili. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa na T-55, za Amin na zile walizokuja nazo Walibya kumsaidia. Kwa hiyo vifaru viwili vya ukoo mmoja vilikuwa vinawindana kwenye barabara moja. Fundi mitambo wetu mmoja anaapa alikuwa akivitambua kwa mlio. Mwingine akamuuliza, na usiku, mvua inanyesha, roketi zinapita, ulisikia mlio gani? Hawakusalimiana mpaka Jumapili.

Halafu rangi. Karatasi ya sanduku inaonyesha kifaru cha gwaride, kijani safi, nyota nyekundu, namba nyeupe. Sikutaka. Nilipouliza kilikuwa rangi gani, kila mtu alikuja na yake: kijani cha chupa, kijani cha jani kavu, mmoja kahawia kabisa. Dereva wa lori akamaliza shauri: "Kilikuwa rangi ya barabara." Kweli. Kuanzia Kyaka kwenda juu, vumbi la moramu halikuacha kitu na rangi yake. Nikamwagiza kijana anayekwenda Bukoba aniletee udongo kutoka kando ya barabara ya Mutukula. Nimeuchuja kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi ya maji, nikapaka. Hakuna rangi ya dukani inayofika pale. Wazee walipokiona kimekauka hawakubishana tena.

Lakini kitu kilichonikera kwenye picha za modeli ninazoonyeshwa na mjukuu kwenye simu ni usafi. Kifaru kitupu, hakina mzigo. Nani aliwahi kuona kifaru chetu kikitembea kitupu? Nyuma lilifungwa gogo la kujinasulia kwenye tope. Juu yake jerikeni, sufuria, mahema, boksi za risasi, mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyekiri kuukata, na matawi ya mgomba ya kujifichia yaliyokauka yakabaki yakining'inia. Na watu. Vifaa hivyo vyote nimetengeneza mwenyewe: gogo ni kijiti cha mti wa ua wetu, sufuria ni karatasi ya fedha ya sigara, jerikeni nimechonga kwa ganda la kalamu, majani makavu ni majani ya chai. Lori la raia lililochukuliwa kubeba jeshi halina sanduku lake popote duniani, kwa hiyo nimelitengeneza tulivyokuwa tukitengeneza tukiwa watoto, kopo la nyanya na waya, na tairi za ndala iliyokatika. Nakwambia ukweli, lori hilo nalipenda kuliko kifaru. Kifaru ni cha Wachina, lori ni letu.

Yupo mzee mmoja wa huku, alikuwa mgambo kutoka upande wa Sengerema, mtu asiyesema. Nadhani hata mkewe hajawahi kumsikia akitaja Uganda. Alikuwa anakuja, anakunywa chai, anatazama mikono yangu, anaondoka. Siku moja nilikuwa nimebandika askari wawili upande wa mbele wa kifaru, karibu na mzinga. Akanyoosha kidole. "Huyo hakukaa hapo. Alikaa hapa, nyuma, mgongo kwenye joto la injini. Masaka kulikuwa na baridi." Akaniomba nimtoe nimhamishe. Gundi ilishakauka, ikabidi nimkate askari kwa wembe kwenye nyayo. Nilimhamisha mbele ya macho yake. Akasema jina, jina moja la mtu na kijiji chake, akamaliza chai, akaanza kuzungumzia bei ya maharage. Sijamuuliza zaidi na sitamuuliza. Askari yule yupo nyuma, kwenye joto.

Wapo wanaotengeneza maiti. Wanaziweka kando ya barabara kwenye mandhari zao, na damu ya rangi. Mjukuu alinionyesha, kazi ya ustadi mkubwa. Mimi sitaki. Asiyebeba maiti anaweza kuitengeneza kwa saa moja.

Mjukuu huyo, kwa taarifa yako, anajua kifaru cha Mjerumani, Tiger, mpaka unene wa chuma chake, na Type 59 ya babu yake hakuijua mpaka juzi. Simlaumu. Nani alimwonyesha? Sasa yeye ndiye mkusanyaji wangu wa mirija ya kalamu. Natengeneza BM-21, lori la kurushia roketi, ile saba saba iliyowakosesha Waganda usingizi. Ina mirija 40 ya roketi za milimita 122, ambayo kwa kipimo chetu ni kama milimita tatu na nusu. Mrija wa wino wa kalamu ya Bic uliokwisha unakaribia hapo hapo. Darasa lake zima sasa linaandika kwa bidii ili wino uishe.

Shemeji yako naye amedai nafasi yake. Anasema sisi tunajifanya vita ilikuwa yetu peke yetu. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, Tu-22, ilikuja kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane yakaua swala. Sisi tulikuwa mbali tukielekea Kampala. Wao walikuwa hapa na watoto migongoni. Ameniagiza swala watatu kwa kipimo cha 1 kwa 35. Nitatengeneza.

Sasa nifike ninapokwenda. Nataka kutengeneza Lukaya. Si vita nzima, ni ile barabara tu, tuta katikati ya kinamasi, mafunjo kushoto na kulia. Mafunjo yenyewe nimeshaanza, nyuzi za katani nimezitia rangi ya kijani na kuzichanua kichwani. Jioni ya tarehe 10 Machi ninayo yote. Ninajua tulikuwa upande gani wa tuta. Ninajua roketi za Walibya zilipita juu yetu zikaangukia nyuma huko, na mlio ule, kwa vijana ambao wengi walikuwa hawajawahi kuusikia, ulitosha. Ndiyo, mtani, brigedi ya 201 ilirudi nyuma. Nimeiandika, usinisumbue tena. Andika na wewe kwamba usiku ule ule tulijipanga upya, na alfajiri tulikuwa tunasonga mbele.

Lakini asubuhi ya tarehe 11 mimi nina moshi na mgongo wa mtu aliyenitangulia, basi. Ninyi wa 208 mlikuwa mmeshapita mbali kaskazini, mkageuzwa, mkatembea usiku, mkawaangukia ubavuni kwenye barabara ya Kampala. Hiyo ndiyo nusu ya meza yangu iliyo tupu. Wazee wa hapa wote walikuwa upande wangu, hakuna hata mmoja aliyetokea kwenu. Vitabu vinaniambia brigedi ilikwenda wapi. Haviniambii majani yalifika kiunoni au kifuani.

Kwa hiyo nijibu haya. Mlipotokea barabarani, jua lilikuwa mkono gani? Ardhi ya upande wenu ilikuwa kavu, au na nyie mlitoka kwenye maji? Mlikuwa na kifaru hata kimoja, au ni miguu mitupu? Ulibeba nini mgongoni, na viatu vyako vilikuwa na soli? Magari ya Walibya mliyoyakuta yameachwa, milango ilikuwa wazi au imefungwa? Usiniandikie "tuliwachakaza". Hilo ninalo. Niandikie milango.

Chora. Najua huwezi kuchora, chora hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo la Julai. Wazee wa hapa tunakusudia kwenda Kaboya siku ya Mashujaa, tarehe 25, kwenye makaburi ya wenzetu. Yule mgambo wa Sengerema amesema atakuja, na hajawahi kufika. Panda basi uje Mwanza mapema, ulale kwangu, tuvuke pamoja kwenda Muleba. Utakula sato mpaka usahau nazi. Ukikaa siku chache kabla ya safari utanipangia ule upande wa meza kwa mikono yako mwenyewe, na nitakuachia ubandike askari wako mahali unapotaka, hata kama unadanganya.

Sababu ninayo, nia ninayo, uwezo ninao. Kilichopungua ni barua yako. Iandike kwa mkono, usimpe mjukuu akupigie picha, herufi zako nataka kuziona zilivyopinda.

Msalimie shemeji, mwambie ya kanga yameshafika kwenye mahakama ya hapa.

Ni mimi mtani wako,
Koplo wa tuta la kushoto

N.B. Ukija, niletee katani nyeupe isiyochambuliwa. Ya huku ni fupi, mafunjo yangu yanatoka kama mswaki.