Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha kumbukumbu za reli, Lubumbashi

Ndugu wanachama, baba na mama zetu mliostaafu reli,

Ya fedha mweka hazina amekwisha kuwasomea. Michango ya wengi imeingia, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nitakaa kwenye lile lililotugawa mwaka huu: kibao cha historia tunachotaka kukiweka kwenye gare, yaani stesheni ya treni, ya Likasi.

Tulikwisha kubaliana kwamba siku tutakapopewa kibali cha treni ya matembezi kutoka hapa Lubumbashi, itasimama Likasi, watu washuke, wasomewe historia. Kibali hakijatoka, barua zetu hazijajibiwa. Lakini kibao hakisubiri kibali, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa ilichokisema. Inaeleza reli ilivyotoka kusini, ikavuka Zambezi juu ya daraja la Maporomoko ya Victoria mwaka 1905, ikafika Sakania mpakani Desemba 1909, na Septemba 1910 ikaingia Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu ya leo, mji ukiwa ndio kwanza unapimwa. Haikuletwa kwa ajili ya abiria. Tanuru za kampuni ya migodi ya Union Minière zilitaka makaa ya Wankie, Zimbabwe ya leo, na shaba ilitaka njia ya kufika baharini. Mwaka 1913 reli ikafika Kambove, 1918 Bukama, na 1928 kampuni ya reli ya BCK ikaifikisha Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Kisha inakuja 1952, njia ya Likasi hadi Tenke ilipowekewa umeme. Wazee wa Makomeno, mtaa wa watu wa reli hapa Lubumbashi, hupenda sana kuisimulia hiyo, na nani atawanyima?

Baada ya hapo rasimu inaruka hadi kuundwa kwa kampuni ya taifa ya reli mwaka 1974, halafu inatutakia safari njema.

Nilikataa kuitia sahihi. Mwaka 1992 na 1993 gare ile ilijaa familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa majumbani mwao. Zililala pale na vyombo vyao zikingoja treni ya kwenda kwao, ingawa wengi wao “kwao” hawakuwahi kukuona, maana walizaliwa Likasi. Baba na babu zao ndio walioandikishwa kuja kufanya kazi migodini na kwenye reli hii hii. Kuna waliofia pale pale kwa njaa na magonjwa, watoto wengi miongoni mwao.

Mwanachama wetu mmoja aliyekuwa zamu ya usiku miaka ile alituletea taa yake ya ishara. Kioo chekundu kina ufa, cha kijani bado kizima. Alisema alikuwa akiishusha chini kabisa karibu na miguu, atafute pa kukanyaga kati ya watu waliolala. Taa hiyo tukiiweka kwenye kabati bila maneno hayo, mgeni ataona bati na kioo tu.

Wapo wanaosema tunachimbua yaliyokwisha. Nawaheshimu, wengine ni wakubwa zangu. Lakini anayesimamisha watu mahali ili awape historia hawezi kuwachagulia miaka.

Tulizuru pia makumbusho ya reli ya Livingstone, Zambia, kwenye karakana ya zamani ya kampuni ya mbao ya Zambezi Sawmills, katika mji uliopitiwa na njia ile ile iliyotuletea treni ya kwanza. Injini za mvuke zimekaa mle mle karakanani. Nimependa hilo kuliko jengo jipya lolote, na ningeomba tusidanganyike na rangi mpya Likasi: ukuta wa gare uachwe na moshi wake, na akina mama wanaouza wasiondolewe.

Rasimu zote mbili ziko mezani: ile fupi ya kwanza, na ndefu inayotaja pia mwaka 1992 na 1993. Kura itapigwa baada ya chai. Wenye tiketi, kofia au vitabu vya zamu waandikishe kwa katibu kabla ya kutoka, na tafadhali, msisugue kutu kwa mchanga.