Salamu za Krismasi: "Ukae Huko Hata Nikuambie"

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe!

Nawasalimu nyote kwa furaha ya Krismasi. Nawasalimu mliojumuika na jamaa zenu, mnaoikuta sikukuu wodini, mlio safarini, mnaofanya kazi wakati wengine wanapumzika, na ninyi mliozika mpendwa mwaka huu na bado hamjauzoea ukimya wa nyumba. Amani ya Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu iwe kwenu.

Mwaka ukielekea kukatika, watu huanza kujipima. Nimefanya nini? Nimefika wapi? Mungu aliniumba kwa ajili ya nini hasa? Swali hilo ni jema, na asiyejiuliza kamwe huenda anaishi kwa mazoea tu. Hata hivyo nimeona linavyowatesa Wakristo wengi, hasa vijana. Wamefundishwa kwamba kusudi la Mungu ni jambo moja kubwa lililofichwa mahali fulani, na asiyelifumbua mapema maisha yake yatapita bure. Basi wanafunga, wanaomba, wanazunguka kutoka kwa mtumishi mmoja hadi mwingine wakitafuta neno la unabii, huku kazi iliyo mbele yao ikilala. Katika salamu hizi naomba tuisome upya habari ya Krismasi tukiwa na swali hilo moyoni. Injili hazikuandikwa ili kutupangia maisha, lakini zina mengi ya kutuambia kuhusu namna Mungu anavyowaingiza watu katika kazi yake.

Tuanze na Bwana mwenyewe, maana ndiye pekee katika habari hii aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini alizaliwa. Alimwambia Pilato, "Mimi nimezaliwa kwa ajili ya haya, na kwa ajili ya haya mimi nalikuja ulimwenguni, ili niishuhudie kweli" (Yohana 18:37). Alisema hivyo akiwa mshitakiwa, saa chache kabla ya kusulubiwa. Kabla ya hapo alikwisha kuwaambia wanafunzi waliokuwa wakigombea vyeo kwamba Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya watu wengi (Marko 10:45). Huyo ndiye tunayemshangilia wiki hii. Kusudi kuu lililotimia Bethlehemu ni la Mungu, la kuuokoa ulimwengu. Lako na langu ni sehemu ndani ya hilo. Mtu akianza upande wa pili, akijiuliza kwanza yeye atakuwa nani na atajulikana kwa lipi, atamgeuza Mungu kuwa msaidizi wa mipango yake, na mahubiri mengi ya siku hizi, niseme wazi, yanamsaidia kufanya hivyo.

Halafu tazameni miaka yake. Luka anasema Yesu alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa kama miaka 30. Kati ya utoto wake mchanga na mto Yordani, Injili zinatupa kisa kimoja tu, cha alipokuwa na miaka 12 hekaluni, kisha tunaambiwa alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Watu wa kwao walimjua kama seremala. Sasa mnakumbuka sauti iliyotoka mbinguni alipobatizwa: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Wakati huo Luka hajasimulia muujiza hata mmoja, wala hotuba ya mlimani, wala mgonjwa aliyeponywa. Baba alipendezwa na Mwana ambaye sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani ilipita pasipo mtu wa kuiandika. Mwenye kudhani kwamba Mungu ataanza kumtazama siku atakapopata jukwaa, na asome hapo tena.

Wengine wote katika habari hii walikutwa wapi? Zakaria alikuwa kazini. Makuhani waligawanywa katika zamu 24, yeye alikuwa wa zamu ya Abiya, na siku hiyo kura ya kufukiza uvumba ilimwangukia. Malaika akamkuta pale pale madhabahuni. Kuna jambo dogo hapo ambalo huwa tunaliruka. Zakaria alitoka hekaluni akiwa bubu, akiwa amebeba habari ambayo haikuwahi kutokea katika ukoo wake, na bado Luka anasema alirudi nyumbani siku za huduma yake zilipotimia. Alimaliza zamu yake. Wachungaji nao walikuwa makondeni wakilinda kundi kwa zamu usiku. Waliona utukufu wa Bwana, wakaenda Bethlehemu, wakamwona mtoto, wakaeneza habari. Kisha wakarudi, huku wanamtukuza Mungu. Hatuambiwi kwamba yeyote kati yao aliacha mifugo na kuanzisha huduma yake. Huenda asubuhi iliyofuata waliwahesabu kondoo kama kawaida.

Miaka mingi baadaye Yohana Mbatizaji, mwana wa Zakaria huyo, aliulizwa swali lile lile letu na makutano: "Tufanye nini basi?" Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Nabii mkali kama yule, aliyekaa nyikani, hakumwita hata mmoja wao aje nyikani akae naye. Aliwarudisha ofisini na kambini, wakaishi tofauti huko huko.

Lakini mtu ninayemwaza zaidi Krismasi hii ni Yosefu. Injili zote nne hazina neno hata moja alilolitamka. Mariamu ana wimbo wake, Zakaria ana wake, Simeoni ana wake, hata malaika wana wao. Yosefu yuko kimya. Na maagizo aliyopewa, kwa ndoto zilizoandikwa na Mathayo, yalikuja kidogo kidogo. Ndoto ya kwanza: usihofu kumchukua Mariamu mkeo. Basi akamchukua. Haikusema lolote kuhusu Herode. Ndoto ya pili: "Ondoka, umchukue mtoto na mama yake, ukimbilie Misri, ukae huko hata nikuambie." Akaondoka usiku. Ndoto nyingine ikamrudisha nchi ya Israeli, nyingine tena ikamwelekeza Galilaya alipoogopa kwenda Uyahudi.

Hayo maneno "hata nikuambie" nayaona kuwa magumu kuliko amri ya kukimbia. Kukimbia ni kazi ya usiku mmoja, unafunga mizigo na kwenda. Kukaa ugenini bila kujua ni mwezi au ni miaka, kutafuta riziki mahali ambapo hukupanga kuishi, kumlea mtoto ambaye umeambiwa atawaokoa watu na dhambi zao wakati hata kuwaokoa ninyi watatu na mfalme mmoja imebidi mkimbie, huko kunahitaji imani ya namna nyingine. Yosefu hakuwahi kupewa ramani yote. Alipewa hatua moja, akaitii, ndipo ikaja nyingine. Na kusudi lake, tukitaka kulieleza kwa kifupi, lilikuwa kumlinda mama na mtoto, kufanya kazi ya mikono, na kumlea mvulana. Wako wababa wanaosoma salamu hizi ambao hiyo ndiyo kazi yao yote, nao wanaiona ndogo.

Wapo pia waliokuwa na ramani na hawakwenda. Mamajusi walipofika Yerusalemu, Herode aliwauliza wakuu wa makuhani na waandishi Kristo azaliwe wapi. Walijibu bila kusita, kwa andiko la nabii Mika: Bethlehemu. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9. Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao aliondoka kwenda kuona. Wageni waliotoka mbali kwa kuifuata nyota wakaendelea na safari. Wenye andiko wakabaki. Mara nyingi tunasema hatujui mapenzi ya Mungu, na kumbe sehemu tunayoijua tayari haijatutoa mlangoni. Kusamehe tunajua. Kulipa madeni tunajua. Kumtembelea mgonjwa, kuacha uongo kazini, kumheshimu mama, yote hayo yameandikwa kwa herufi za kusomeka.

Najua kuna atakayeuliza: je, hakuna wito wa pekee kabisa kwa mtu? Upo. Ila mara nyingi unatokea mahali ambapo mtu tayari amesimama. William Wilberforce alikuwa mbunge kijana wa Uingereza alipoamka kiimani mwaka 1785, akawaza kuiacha siasa ili amtumikie Mungu. Desemba mwaka huo huo alimwendea mchungaji John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa, kutafuta ushauri. Newton akamshauri abaki alipo. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na bunge lile mwaka 1807, baada ya miswada yake kukataliwa mara nyingi. Na sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya dola ya Uingereza ilipita mwaka 1833, mwaka aliofariki. Upande wa pili yupo Nicolas Herman, anayejulikana kama Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Yeye alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, akajizoeza kukaa mbele za Mungu kati ya masufuria kama vile yuko kwenye sala. Mmoja alibadilisha sheria, mwingine alipika. Nisingethubutu kusema nani kati yao alitimiza kusudi zaidi.

Basi tunalijuaje la kwetu? Sina kanuni ya haraka. Paulo aliandika kwamba "tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo" (Waefeso 2:10). Matendo hayo yamekwisha kutengenezwa. Yako njiani, na mwenye kwenda huyakuta. Soma Neno ukiwa tayari kulitii, hilo ni la kwanza. Kisha angalia mzigo ulio moyoni usioondoka, hitaji unaloliona wewe wakati wengine wanapita. Angalia karama: ni jambo gani ukilifanya watu wanajengwa, hata kama wewe unaliona la kawaida? Hapo waulize ndugu wanaokujua, wasiokuogopa na wasiokuonea wivu. Kanisa liliitwa mwili ili mkono usijichunguze peke yake. Jaribu, tumika mahali padogo, uone. Ukikosea mlango, Mungu aliyemwelekeza Yosefu Galilaya baada ya kuogopa Uyahudi anajua kugeuza njia.

Katika siku hizi za salamu, wengi mtatumiwa Yeremia 29:11, lile la "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Ni andiko zuri, lipokeeni. Ila msome barua yote. Iliandikwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na waliambiwa kwamba kurudi kwao kungengoja miaka 70. Yaani wengi wao wangefia huko huko. Na katikati ya hapo Mungu aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji waliohamishiwa. Tumaini lile lilikuja pamoja na jembe na mchanga. Ukilituma andiko hilo kwa mtu aliyepoteza kazi mwaka huu, mpigie simu pia.

Nanyi ambao nguvu zimepungua, msidhani salamu hizi ni za wenye afya tu. Ana binti Fanueli aliishi na mume miaka 7 tu, kisha ujane mrefu. Luka anamtajia miaka 84. Alikuwa akifunga na kuomba, hatoki hekaluni. Mtoto alipoletwa, bibi yule alikuwepo, akamshukuru Mungu na kuwaeleza habari zake wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi wa Yerusalemu. Na Paulo, aliyetuandikia kuhusu matendo yaliyotengenezwa tokea awali, katika barua hiyo hiyo anajiita mfungwa. Alikuwa kifungoni, na kazi iliendelea kwa kalamu.

Kwa hiyo, wapendwa, natuma salamu hizi nikiwaombea. Walimu, Mungu awape subira muhula ukifunguliwa. Wauguzi na walinzi mlio zamu usiku wa leo, Bwana awe pamoja nanyi. Akina mama mnaolea, akina baba mnaotafuta ajira, wanafunzi mnaosubiri matokeo, wazee mnaotuombea bila sisi kujua, neema iwatoshe. Na wewe uliyeambiwa ukae mahali usipopapenda, na bado hujaambiwa hadi lini, nakuombea kwa jina, au kama silijui jina lako, basi nakuombea vivyo hivyo.

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute salama. Amina.