Wanafunzi wa sheria za kazi washuke hadi Viwandani

Kwa Mhariri,

Majuzi nilialikwa na mpwa wangu, anayesomea sheria katika chuo kimoja hapa jijini, kuhudhuria mjadala wa sheria za kazi ulioandaliwa na wanafunzi wenzake. Niliketi safu ya nyuma na kusikiliza kwa makini, kwani kwa miaka kumi na sita nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha eneo la Viwandani, na yaliyozungumzwa ni yale yale yaliyokuwa yakininyima usingizi. Vijana hao walichambua kwa ufasaha uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Septemba 2024, ulioruhusu kampuni ya Meta kushtakiwa hapa Kenya na watu waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kutoka Nairobi. Niliwapongeza kwa dhati, na bado nawapongeza. Hata hivyo, ningependa kuwaambia wao na walimu wao, kupitia gazeti lako, kwamba elimu hiyo inahitajika zaidi kwenye malango ya viwanda vya Lunga Lunga na Barabara ya Enterprise, na inahitajika kwa Kiswahili.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha amsikilize. Nimeketi katika vikao hivyo mara nyingi. Kipo kimoja ambacho sijakisahau, cha mama mmoja wa idara ya kufungasha bidhaa, aliyeitwa katikati ya zamu akaja na kofia ya wavu bado kichwani. Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza, kurasa mbili nzima, akaulizwa kama ameelewa, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi pale kidole cha karani kilipoelekeza. Nilipopinga, niliambiwa kwamba sahihi imetosha. Tulipofika kwenye korido akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kwani wamesema nirudi zamu gani?" Alikuwa amefutwa kazi na hakujua.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu angemwambia mama yule kwamba kikao cha namna ile hakikutimiza matakwa ya sheria, na kwamba mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi kumi na miwili. Angemwambia pia jambo ambalo linawaumiza watu wengi kuliko yote, nalo ni kwamba madai yanayotokana na mkataba wa ajira sharti yafikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu. Jirani yangu hapa Mukuru alifutwa bila notisi na bila kulipwa siku zake za likizo. Kila alipokwenda kuulizia, afisa wa wafanyakazi alimwambia arudi mwisho wa mwezi, maana hesabu zake zilikuwa zinaandaliwa. Aliamini, akarudi mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na barua yake akaitunza vizuri ndani ya Biblia. Aliponiletea niisome, miaka mitatu ilikuwa imepita kwa wiki saba. Muda huhesabiwa tangu siku ya kufutwa, wala ahadi za malipo kama zile hazikuusimamisha. Sikuwa na la kumwambia, na mpaka leo nikikutana naye njiani naona uchungu.

Nikiwaza kuhusu vibarua, naona pengo hilo hilo. Wapo wanaosimama langoni kila alfajiri kwa miaka wakiamini kwamba, kwa kuwa wanaitwa vibarua na hawana karatasi yoyote, hawana haki yoyote. Kumbe kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, anayestahili notisi. Tena mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, si mfanyakazi.

Sijui kama walimu wa sheria wanatambua jinsi sentensi hizo mbili zingeweza kubadilisha maisha ya mtu zikisemwa kwa lugha yake kabla mambo hayajaharibika. Vyama vya wafanyakazi vingepaswa kuzisema, nakiri, lakini wengi wa vibarua hao hawamo katika chama chochote, na ofisi ya leba ina maafisa wachache mno.

Ombi langu ni kwamba vyuo vyetu vihamishie sehemu ya kliniki zao za sheria, yaani vikao ambamo wanafunzi huwapa watu ushauri wa kisheria, huku tunakoishi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vikuu vinavyoendesha kliniki kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada huo wakishaidhinishwa. Na katika mahakama za kuigiza, ambamo wanafunzi hushindana kutetea rufaa kubwa kubwa, naomba waigize pia kikao cha kifungu cha 41, kwa Kiswahili, mmoja akiwa meneja, mwingine mfungashaji bidhaa asiyejua Kiingereza, na wa tatu mwakilishi anayepaswa kusimamisha kikao hicho kabla sahihi haijawekwa. Nimeifanya kazi hiyo ya tatu, na naweza kuwahakikishia kwamba ni ngumu kuliko inavyoonekana kitabuni.

Wafanyakazi wengi wa huku hufanya kazi hadi Jumamosi, kwa hiyo kliniki ya katikati ya wiki haitawafaa. Jumapili alasiri ndiyo wakati unaofaa, na ukumbi wa kanisa letu huwa wazi baada ya saa nane. Wenzangu wawili waliowahi kuwa wawakilishi viwandani wameniambia wako tayari kuketi na wanafunzi na kuwasaidia kusoma barua ambazo watu watakuja nazo. Waje na kalenda, ili jambo la kwanza watakalomwuliza kila atakayeketi mbele yao liwe tarehe aliyofutwa kazi.

Mwakilishi wa zamani wa wafanyakazi,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi