Kwa Mawakili Vijana wa Mombasa, Kabla Hamjadai Mahakama Nyingine

Wanangu,

Assalaam aleikum. Juzi nilikaa nyuma nikawasikiliza mkijadili kuundwa kwa mahakama ya rufaa ya kati kwa kesi zinazotoka kwa Kadhi. Mlisema vizuri, lakini nilitoka nimeudhika. Mlitaja vyeo, majoho na jengo. Mwenye kesi hamkumtaja.

Wazo lenyewe silikatai. Leo rufaa ya Kadhi yaenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi na jaji kumshauri. Asiyeridhika hupanda Mahakama ya Rufaa, na kwa mirathi hupanda kwa ruhusa, kwa hoja ya sheria ya Kiislamu. Mkiongeza daraja jingine hapo bila kuondoa hata moja, mtakuwa mmemsaidia nani?

Nimemwona mama mmoja kwenye masijala, makaratasi ya mirathi kayafunga kwa leso. Karani akamwambia mwenendo wa kesi haujachapwa, arudi mwezi ujao. Aliporudi, jalada halionekani. Wakati huo kodi ya nyumba ya marehemu mumewe yachukuliwa na shemeji aliyeshindwa, ambaye kakata rufaa makusudi ili siku zipite. Na ile rufaa haikujiandika, wanangu. Iliandikwa na wakili wa rika lenu, akalipwa, akalala usingizi. Mnaona haya? Mimi naona haya kwa niaba yenu, kwa sababu nawapenda na najua mlivyosomeshwa kwa taabu.

Mahakama ya kati ina maana pale tu kesi nyingi zinapoishia hapo. Mahakama yetu ya Rufaa, iliyoundwa 1977 ilipovunjika ile ya Afrika Mashariki, ndiyo ilikuwa mwisho mpaka Katiba ya 2010 ilipoweka Mahakama ya Juu. Waliotunga walikuwa na busara: huko juu hupandi kama haki yako ila kwa tafsiri au matumizi ya Katiba, mengine lazima yathibitishwe kuwa yana uzito kwa umma. Jimbo la Nevada, Marekani, wapiga kura walikataa mahakama ya kati 2010, wakaikubali 2014. Ina majaji watatu. Rufaa hupokelewa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, nayo ndiyo huwagawia majaji hao, na kupanda tena ni kwa ruhusa.

Mengine mnayajua: bajeti kabla ya jengo, wachapaji wa kutosha, na majaji wateuliwe kwa wakati. Mwaka 2021 Rais aliwaacha nje majaji sita waliopendekezwa, wanne wao wa Mahakama ya Rufaa, hadi Septemba 2022. Nchi inayoachia viti vya majaji wazi haiponi kwa kuongezewa viti.

Basi mkiandika mapendekezo yenu, wekeni mawili. Rufaa ya pili ya kila kesi, si ya mirathi tu, iwe kwa ruhusa, tena kwa hoja ya sheria peke yake. Na rufaa ya mirathi ikikatwa, kodi ya nyumba iwekwe mahakamani tangu siku hiyo, asiile mtu mpaka hukumu itoke.

Mzee wenu,
Mji wa Kale