Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliye Arizona: kuhusu mahindi ya Wahopi

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifika, na ninaujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyesomea kilimo ukauliza hivyo: kwa nini Wahopi, wenyeji wa asili wa huko Arizona, Marekani, wanang'ang'ania mahindi yao mafupi ya buluu, ilhali mbegu chotara zenye mavuno makubwa zimejaa madukani?

Hata kwa hesabu za kilimo umewapunja. Mvua ya huko haizidi takriban milimita 250 kwa mwaka, na mashamba yao ya asili hayamwagiliwi. Mkulima huchimba kwa fimbo ya kupandia mpaka aufikie mchanga wenye unyevu, mara nyingi sentimita 30 chini, ndipo atie punje kadhaa katika shimo moja. Mbegu zao zina chipukizi refu linaloweza kupenya kina hicho, nazo nyingi za dukani zingefia njiani.

Lakini jibu lenyewe limo katika masimulizi yao. Husimulia kwamba watu walipotokea katika dunia hii waliwekewa mahindi ya kila namna wachague. Wengine wakayakimbilia makubwa, nao Wahopi wakatwaa hindi fupi la buluu, wakijua kwamba wamechagua maisha yenye taabu lakini ya kudumu. Kwa hiyo wanapopanda wanatimiza agano, na kuwapimia agano hilo kwa magunia ni kuwapimia kisicho chao.

Mtoto akizaliwa, huwekewa ubavuni hindi lisilo na kasoro, ambalo huhesabiwa kuwa mama yake, na hukaa nalo hadi siku ya 20, anapopewa jina na kuonyeshwa jua linalochomoza. Bibi harusi huenda kusaga mahindi nyumbani kwa mama wa mume. Unga hunyunyizwa katika sala, na rangi za mahindi, yaani njano, buluu, nyekundu na nyeupe, kila moja ina upande wake wa dunia.

Kisha kuna piki, mkate ambao wanawake huupika kwa kupaka uji wa unga wa buluu juu ya jiwe la moto kwa mkono mtupu, ukatoka mwembamba kama karatasi. Uji huo hutiwa majivu, ambayo hukoleza rangi na kuongeza madini. Mimi ningeunguza vidole vyote kabla ya mkate wa kwanza.

Kwa desturi wanaume hulima, lakini mbegu na mavuno ni mali ya wanawake, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama. Huko mjomba ndiye hasa mwenye jukumu la kumwonya mpwa, kwa hiyo nivumilie.

Ukialikwa kijijini kwao, iache simu ndani ya gari, maana hawaruhusu sherehe zao kupigwa picha wala kurekodiwa. Na wenye shamba wakikupa kazi ya kupukuchua, kaa upukuchue nao.

Mjomba wako