Datsun ya mtindo wa Safari uani kwako: pesa ianzie chini ya gari

Hapa kwenye gereji yetu ya Changamwe, Mombasa, hatumalizi mwezi bila Datsun kuukuu kuvutwa kwa kamba mpaka langoni mwetu. Mwenyewe huwa ameshaijenga yote kichwani: boneti nyeusi isiyong'aa, taa nne kubwa mbele ya grili, vizuia matope vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu, namba ya mashindano mlangoni. Anataka gari la Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki ya enzi zile, alijenge mwenyewe uani kwake jioni na wikendi, kwa pesa za mshahara. Tunampenda sana mteja wa namna hii, na ndiyo maana tunamsihi asianze kwa kununua taa.

Mashindano yale yalianza mwaka 1953, barabara zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, akarudia 1971 kwa 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Violet, ambayo wengi wetu huku tuliijua kwa jina la 160J. Ukizitazama picha za magari yale utaona kila kilichobandikwa kilikuwa na kazi yake. Boneti ilipakwa nyeusi ili jua lisimrudie dereva machoni. Bamba la chuma chini ya injini lilikuwa la kupokea mawe. Gari liliinuliwa kwa sababu ya mashimo na mito. Ukijenga lako kwa fikra hiyo, pesa yako itajua pa kwenda.

Gari la kuanzia? Kwa mfuko mdogo tunashauri Datsun 1200 au 120Y. Injini yake ya A12, ya sentimita za ujazo 1,171, ni nyepesi na haina siri: inatumia karibureta na mnyororo wa taimingi, na valvu unazirekebisha mwenyewe kwa spana na fila geji, kile kipimo cha nafasi ndogo. Nyuma ina ekseli moja nzima juu ya springi za majani, kitu ambacho fundi yeyote wa matatu anakifahamu. 240Z ni gari zuri mno, lakini bei ya vipuri vyake itakumalizia hamu kabla hujafika katikati.

Jambo la karatasi lisikupite. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo bodi unayoitafuta lazima iwe tayari iko nchini. Bodi isiyo na logbook, yaani hati ya umiliki, usiinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Linganisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa, herufi kwa herufi. Ukija kubadilisha injini, badiliko hilo liandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Na gari likiwa bado na namba yake ya usajili ya zamani, ile isiyo na herufi mwishoni, itunze, kwa sababu ni sehemu ya historia ya gari lenyewe.

Sasa tuje kwenye kutu, adui mkubwa kuliko wote huku Pwani. Hewa ya chumvi hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kijana mmoja alituletea 1200 nyekundu, rangi mpya inawaka, injini ameshaifanyia ovaholi, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya yote, pesa zote zimekwisha. Alitaka tumwinulie springi tu. Tukaliweka juu, fundi wetu akapitisha sumaku kwenye kizingiti chini ya mlango wa dereva. Sumaku ikateleza, haikushika popote mpaka ilipokaribia gurudumu la nyuma. Akagonga kwa mpini wa bisibisi: sauti nzito, kama unagonga ukuta. Tulipokwangua rangi tukakuta fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati, nyuma ya fila tukakuta saruji, na nyuma ya saruji magazeti yaliyokunjwa kushikilia saruji isidondoke. Chuma kilikuwa hakipo. Aliyemuuzia alikuwa ameziba kaburi. Kijana alikaa kimya kwenye tairi muda mrefu, na sisi tuliumia pamoja naye, kwa sababu kizingiti kile ndicho uti wa mgongo wa gari lisilo na chasi ya kujitegemea.

Kwa hiyo kabla hujalipa, beba sumaku na tochi. Inua kapeti. Angalia vizingiti vyote viwili, sakafu chini ya miguu ya dereva, pale springi za nyuma zinapofungwa, pale vichwa vya shokomzoba za mbele vinapokaa chini ya boneti, na chini ya betri, ambako asidi humwagika. Milango, boneti na buti zikiwa na kutu tutazungumza, maana hizo zinafunguliwa na kubadilishwa. Ukiweza, tafuta gari lililoishi bara, Nakuru au Eldoret. Nauli ya kulileta ni ndogo kuliko bili ya kuchomelea.

Tukisaidiana na mteja kupanga bajeti, katika kila shilingi kumi tunatenga nne za bodi na kuchomelea, tatu za breki, springi na usukani, mbili za injini, na moja ya rangi na urembo. Wengi hushangaa, wamezoea kuanza na injini. Lakini injini dhaifu itakufikisha polepole, na bodi iliyooza itakunjika na wewe ukiwa ndani.

Magari ya mashindano yaliimarishwa kwa kuchomelea mishono ya bodi ambayo kiwandani ilishikwa kwa vidoti tu. Unaweza kufanyiwa hivyo kwa gharama ya kadiri: unachomelea takriban sentimita mbili na nusu, unaruka tano, unaendelea, ukihamahama upande huu na ule ili joto lisipinde bati. Hii tunaomba mtuachie sisi. Bati la 1200 ni jembamba, na mashine ya kuchomelea mageti italitoboa. Hata kabla hujatuletea, toa tangi la petroli na betri. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka.

Kuinua gari ndiko watu wanakokosea zaidi. Wanaongeza majani mawili kwenye springi za nyuma, wanaweka vipande vya chuma juu ya springi za mbele, gari linasimama kama mbuzi anayetaka kuruka, picha inapigwa. Sasa fanya jaribio hili: inua gari kwenye stendi, magurudumu yaning'inie, halafu shika mpira wa breki, ule mrija unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, kwa vidole viwili. Ukiwa umekazika kama uzi wa gitaa, shimo la kwanza litaukata, na breki zitakwisha hapo hapo. Sentimita tatu mpaka nne zinatosha kwa sura na kwa barabara zetu, na mipira mirefu zaidi ifungwe siku hiyo hiyo. Ukizidisha hapo, pembe ya propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, hubadilika na gari huanza kutetemeka, na usukani huvuta kila ukipita tuta.

Breki zenyewe zisicheleweshwe. Badilisha sili zote za mpira zilizo ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu, na umwage mafuta ya breki ya zamani, kwani hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Kama 1200 yako ina dramu mbele na umepata mguu wa mbele wa 120Y wenye diski, lete vyote viwili tupime kabla hujafungua kitu.

Injini tutaieleza siku nyingine kwa urefu. Kwa leo, ovaholi ya kawaida iliyofanywa kwa usafi, silinda zikapimwa kwa mikromita na hedi ikanyooshwa, itakupa furaha zaidi kuliko karibureta mbili kubwa juu ya pistoni zilizochoka.

Kazi ya nyumbani ni nyingi, na ndiyo akiba yako kubwa: kufungua gari lote, kuweka nati kwenye mikebe yenye majina, kupiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa, kukwangua rangi, kupiga msasa, kushona viti upya kwa fundi wa mtaani. Saa hizo hatukutozi. Ila usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila kutoa onyo. Stendi nne tunaazimisha kwa mteja wetu yeyote mpaka gari lake litakaporudi kwenye magurudumu.

Kabla ya kununua, tutumie picha: vizingiti, sakafu na namba ya chasi. Kama gari liko Mombasa au karibu, Jumamosi asubuhi fundi mmoja hutoka nawe kwenda kulikagua. Sumaku anayo mfukoni.